Nyumba Njema Si Mlango

Watu wa nchi yetu wahama kuliko zamani. Kijana apata kazi ya ualimu mbali na kwao; mkulima auza magunia yake ya mahindi akajaribu biashara mjini; mama mjane amfuata mwanawe aliyejenga chumba pembeni mwa jiji. Wote hao walizoea tangu utoto kengele ya kigango chao, katekista aliyewafundisha sala, na majirani waliowajua kwa majina ya babu zao. Sasa wajikuta mahali wasipomjua mtu. Dominika yafika, nao waulizana: Twende kusali wapi, na pamoja na nani?

Swali hilo laonekana dogo, kumbe ni zito. Ni swali la dhamiri, maana mtu akikabidhi roho yake, watoto wake, fedha yake na wakati wake kwa kundi la watu, amekabidhi karibu kila alicho nacho. Wako waliopata uzima katika kundi la namna hiyo, na wako waliopata mauti. Kwa hiyo yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, bila hofu na bila kujipendelea.

Tuwaze jamaa moja iliyotoka Sumbawanga ikahamia Mbagala, Dar es Salaam. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini hatudhani kuwa utakuwa mgeni kwa wasomaji wetu. Baba ni fundi wa kuchomea vyuma, mama ni mshonaji, nao wana watoto watatu. Mtoto wa pili, msichana wa miaka 9, ana kifafa, na kila jioni hunywa vidonge alivyopewa hospitali. Dominika ya kwanza wote waenda parokiani. Misa ya pili imejaa mpaka nje. Wasimama chini ya turubai, wasali, wapokea baraka, warudi nyumbani. Hakuna aliyewauliza jina. Wiki ya tatu wajitambulisha kwa jumuiya ya mtaa, na neno la kwanza waulizwalo ni kadi ya zaka: iko wapi, na imelipwa mpaka mwezi gani? Hatua chache kutoka kwao iko nyumba ya maombi yenye vipaza sauti. Siku mama alipopita hapo, watu waliinuka kumlaki, wakamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo heshima, wakamwekea binti yake mikono, wakalia pamoja naye. Mara ya nne aliambiwa kwamba vidonge ni alama ya imani haba, avitupe.

Nani atamlaumu mama huyu kwa kuupenda ukarimu? Alikuwa mpweke, nao walimpokea. Tusijidanganye basi: pale alipokaribishwa ndipo palipokuwa na hatari, na pale palipokuwa na usalama hakukaribishwa. Hilo ndilo fundo la shauri letu la leo.

Kwanza tuulize: Je, Mkristu ana haki ya kujichagulia jumuiya? Wako wanaofikiri kwamba jumuiya ni kama kitambaa sokoni. Mtu ashika hiki, akiacha, ashika kile. Padre huyu ahubiri kwa kirefu, twende kwa yule. Kwaya ya hapa yaimba bila sauti nzuri, twende kule. Na kule nako watakapoanza kumchosha, atahama tena. Wako na wengine wanaofikiri kwamba jumuiya ni kama mti: ulipoota ndipo utakapokufa, hata udongo ukiwa umeharibika. Fikira hizi mbili zote zina upungufu.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafuata njia ya katikati. Kwa kawaida parokia ni ya eneo, nayo yawakusanya waamini wote wakaao ndani ya mipaka yake. Anayehamia mahali kwa nia ya kukaa walau miezi 3 amekwisha kuwa na paroko wake pale, hata kama paroko huyo hajamwona uso. Mama yule wa Mbagala, basi, hakuwa mgeni aliyekuja kuomba hisani. Alikuwa mwenye nyumba aliyefika kwake akakuta wenzake hawajui kwamba ni mwenzao. Hata hivyo sheria hiyo hiyo haimfungi mtu kwa kamba. Amri ya Misa ya Dominika yatimizwa po pote Misa iadhimishwapo kwa madhehebu ya Kanisa Katoliki, na mtu aweza kuungama kwa padre ye yote mwenye ruhusa. Ana kwao, tena ana njia ya kutembea.

Utaratibu huu una hekima. Mtu hachagui ndugu zake wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo ndugu humfundisha mambo ambayo rafiki hawezi. Rafiki nimempenda kwa vile afanana nami. Ndugu amewekwa karibu yangu, afanane nami asifanane. Katika parokia ya eneo hakimu apiga magoti kando ya muuza samaki, na yule mwenye nyumba ya ghorofa apeana amani na mpangaji aliyeshindwa kodi. Kama kila mmoja wetu angejichagulia kundi apendavyo, angewachagua watu wa umri wake, wa kabila lake, wa kipato chake, wenye hasira kama zake. Kundi la namna hiyo ni kioo tu: mtu aangalia ndani akajiona mwenyewe, akadhani amemwona jirani.

Walakini jambo tulilopewa bila kuchagua lina ugonjwa wake pia. Viongozi wakijua kwamba watu hawana pengine pa kwenda, ni rahisi wawazoee, na waliozoewa husahauliwa. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya AMECEA, wakaazimia kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristu, waliona hatari ya mtu kupotea katika umati wa parokia kubwa. Walitaka majirani wachache wajuane, wasome Neno la Mungu pamoja, wamtembelee mgonjwa, wamfariji aliyefiwa. Jumuiya haikubuniwa iwe tawi la kukusanyia fedha. Ikigeuka hivyo, imeliacha jambo lililoizaa.

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Afya ya jumuiya ni nini? Wengi hudhani kwamba jumuiya yenye afya ni ile isiyo na wakosefu. Kwa kipimo hicho hakuna hata moja iliyowahi kuwako tangu siku ya Pentekoste. Kanisa la Korinto lilipandwa na Mtume Paulo mwenyewe, nalo liligawanyika makundi, huyu akijiita wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Katika karamu ya Bwana matajiri walishiba na kulewa huku maskini wakiona njaa. Mtakatifu Yakobo aliwaonya Wakristu waliompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu, na kumwambia maskini akae chini. Barua ya tatu ya Yohane yamtaja Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, akakataa kuwapokea ndugu wasafiri, tena akawafukuza waliotaka kuwapokea. Naam, Diotrefe ni mzee sana. Wala hajafa, wakati mwingine ameshika daftari la jumuiya.

Baadaye katika Afrika ya Kaskazini Wadonati walijitenga wakasema kwamba Kanisa la kweli ni la watu safi tu, na kwamba sakramenti zilizotolewa na padre mkosefu hazifai kitu. Mtakatifu Augustino aliwapinga kwa miaka mingi, na mwaka 411 maaskofu wa pande mbili walikutana Kartago kuhojiana. Alifundisha kwamba ngano na magugu vyakua pamoja mpaka mavuno, na kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristu. Mafundisho hayo yatufaa hata leo. Anayetafuta jumuiya isiyo na doa atazunguka maisha yake yote, na siku atakapoiona na kujiunga nayo, itakuwa imekwisha kupata doa lake la kwanza.

Je, ina maana kwamba jumuiya zote ni sawa, na kwamba mtu avumilie kila kitu? Hasha. Watu wote huugua, lakini yuko mgonjwa anayesema yaumapo akapelekwa kwa tabibu, na yuko mgonjwa anayemchapa kila amwambiaye kwamba ana homa. Wa kwanza ana afya kuliko wa pili, hata ikiwa homa yake ni kali zaidi. Basi twasema hivi: jumuiya yenye afya ni ile ambamo kosa laweza kutajwa, likasikilizwa, likatibiwa. Jumuiya mgonjwa ni ile ambamo kulitaja kosa kwahesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko kosa lenyewe.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tukiisha kuingia, tutazame nini? Kipo kitabu kidogo cha kale sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi wasema kiliandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Kilipotea kwa muda mrefu, mpaka nakala yake ilipoonekana Constantinople mwaka 1873. Wakristu wale wa kwanza walijiwa na manabii wasafiri, wengine wa kweli, wengine waongo, nao hawakuwapima kwa ufasaha wa maneno wala kwa ukali wa sauti. Kitabu chasema kwamba nabii akaaye siku 3 kwa kula bure ni wa uongo, na anayedai fedha kwa ajili yake mwenyewe asisikilizwe. Ni vipimo vya nyumbani, ambavyo hata mama asiyejua kusoma aweza kuvitumia. Kwa mfano huo nasi twaweza kuweka alama chache.

Alama ya kwanza ni swali. Uliza jambo, kwa adabu, kisha utazame nyuso za watu. Katika Kanungu, nchini Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la sala, na baadaye miili mingine ilifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo. Hawakuwa watu wageni kwetu. Wengi walilelewa katika Kanisa letu, na mmoja wa viongozi wao alikuwa padre. Waliuza mali zao wakaikabidhi kwa wakubwa, na walizuiwa kuzungumza hata wakawa wakiwasiliana kwa ishara za mikono. Mwisho wa dunia waliotabiriwa haukuja mwaka 1999 ulipokwisha. Watu waliokatazwa kuzungumza hawakuwa na namna ya kuulizana kwa nini. Mahali ambapo swali limekatazwa, uongo hauna adui.

Alama ya pili ni fedha. Kumsaidia padre, kujenga kanisa na kuwalisha maskini ni wajibu wa kila mwamini, wala hatuuonei haya. Lakini sheria ya Kanisa yataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vitu walivyovitoa. Tazama basi kama hesabu yasomwa mbele ya watu, na kama anayeuliza juu yake aheshimiwa. Tazama pia kama neema yauzwa. Huko Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa mahubiri, walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Waliokwenda pale walikuwa watu wenye shida, na shida haidharauliwi. Lakini neema ya Mungu haimwagwi mahali pamoja ili mwenye nguvu awahi na dhaifu akanyagwe.

Alama ya tatu ni mtu dhaifu. Usimtazame mwenyekiti, mtazame mtoto, mgonjwa, mjane, kiziwi, na binti aliyezaa kabla ya ndoa. Wao wamewekwa wapi? Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa kwamba wakijinyima chakula mpaka kufa watamwona Bwana. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Mtoto hakuchagua dini ile. Alipelekwa na wale aliowaamini kuliko watu wote. Ndiyo sababu baba na mama hawawezi kusema kwamba jumuiya waichaguayo ni jambo lao peke yao.

Hapa turudi kwa binti yule mwenye kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu wenye kifafa hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Kuacha dawa ghafula kwaweza kuleta degedege isiyokoma, na hiyo huua. Kanisa huwaombea wagonjwa na kuwapa Mpako Mtakatifu, wala halijasema kamwe kwamba mafuta hayo yachukua mahali pa tabibu. Yoshua bin Sira alikwisha kufundisha kwamba mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Kwa hiyo ye yote amwambiaye mama atupe vidonge vya mtoto ametoa hukumu juu ya uhai usio wake. Mama asingoje alama nyingine. Amshike binti yake mkono watoke.

Alama ya nne ni mlango wa kutokea. Waulize: aliyeondoka hapa mwaka jana asemwaje? Kama aombewa na kusalimiwa njiani, ni vema. Kama asemwa kwamba amelaaniwa, kwamba biashara yake itaanguka na tumbo lake litafungwa, hiyo si jumuiya bali ni mtego. Kanisa lafundisha kwamba si halali kumlazimisha mtu ye yote kuipokea imani dhidi ya dhamiri yake. Mungu mwenyewe hakuiwekea bustani ya Edeni kufuli.

Alama ya tano ni kuungana na wengine. Mkono uliokatwa waweza kubaki na umbo la mkono kwa muda, lakini hauna damu. Kundi la sala lisilotaka kujulikana na paroko, lenye maono ambayo Askofu asiyasikie, lisilohesabu kuwa Mkristu ye yote asiyekuwa wa kwao, limekwisha kujikata. Twasema hivyo bila kuwadharau ndugu zetu wa madhehebu mengine, ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwaita ndugu katika Bwana, tena ukakiri mwaka 1964 kwamba Roho wa Kristu hutenda kazi kati yao. Wako kati yao wanaowatunza wagonjwa na mayatima kwa upendo wa kutuaibisha. Lakini Mkatoliki ajue anachokiacha: Altare, Kitubio, na umoja uliotoka kwa Mitume. Njaa ya kupokelewa ni ya kweli. Lakini haishibishwi kwa kukiacha chakula.

Sasa, wapenzi wasomaji, kipimo kisichotupima sisi wenyewe ni kipimo cha mwizi. Haki yataka tuzigeuze alama hizi tano zitutazame.

Imesikika mara nyingi katika miji yetu na hata vijijini kwamba mtu amekufa, na jamaa yake waambiwa: Hakuwa akifika jumuiya, kadi yake haikulipwa, basi padre hatakuja kuzika. Vivyo hivyo mtoto azuiwa Ubatizo kwa deni la baba yake. Wanaosema hivyo hudhani kwamba wanailinda nidhamu. Tusome sheria. Kanuni za Kanisa zataja wanaoweza kunyimwa maziko, ikiwa hawakuonyesha toba kabla ya kufa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa miili kwa kuipinga imani, na wakosefu wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Mdaiwa wa zaka hayumo katika orodha hiyo. Kanuni nyingine yawakataza watumishi wa Kanisa kuwanyima sakramenti wale waziombao kwa wakati wake, walio tayari, na wasiozuiliwa na sheria. Na nyingine yasema wazi kwamba maskini wasikose msaada wa sakramenti wala maziko ya heshima kwa sababu ya umaskini wao.

Tutajibiwa: Mkiwaachia, hakuna atakayehudhuria jumuiya tena. Hoja hiyo tumeifikiria. Ni kweli kwamba wako wavivu, na wako wanaoikumbuka jumuiya siku ya msiba tu. Lakini aliye hai ndiye wa kuonywa, jeneza halionyeki. Tukimwadhibu marehemu, wanaoumia ni mjane na mayatima, na fundisho wanalolipata ni kwamba Kanisa hutoza. Tena hofu haijengi jumuiya. Yajaza viti, kisha yaviacha wazi siku ile watu watakapoona mlango mwingine. Mama wa Mbagala aliulizwa kadi kabla ya kuulizwa jina. Kama atapotea, tuanze kutafuta sababu katika daftari letu kabla ya kuwalaumu majirani wenye vipaza sauti.

Tuseme na lililo chungu zaidi. Katika Rwanda, mwaka 1994, Wakristu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa maji yale yale. Makanisa yalijaa siku za Dominika. Kwa macho ya mpita njia zilikuwa jumuiya hai. Kumbe chini ya nyimbo palikuwa na neno lisilotibiwa, neno la kabila. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na wana wake katika maangamizi hayo. Kadhalika habari za watoto walioharibiwa na watumishi wa Kanisa, katika nchi nyingi, zilifichwa kwa kisingizio cha kuilinda heshima. Papa huyo huyo alitoa sheria mwaka 2019, ikathibitishwa mwaka 2023, kwamba kila jimbo liwe na njia ya kupokea mashtaka ya namna hiyo, na kwamba mapadre na watawa wawe na wajibu wa kutoa taarifa. Mzazi anayeuliza parokiani kwake kwamba njia hiyo iko wapi si adui wa Kanisa. Anatumia haki aliyopewa na Kanisa lenyewe.

Limebaki swali la mwisho: Mtu akae mpaka lini katika jumuiya iliyo dhaifu, na aondoke lini? Kwa maoni yetu yafaa kutofautisha uchovu na hatari. Mahubiri marefu, kwaya isiyojua kupatana sauti, mwenyekiti mwenye majivuno, wanajumuiya wanaochelewa: hayo ni uchovu, nayo huvumiliwa na kutengenezwa. Anayeyakimbia atayakuta mbele. Lakini ambapo mtoto hayuko salama, ambapo mgonjwa akatazwa dawa, ambapo mume na mke wagombanishwa kwa jina la roho, ambapo hofu ndiyo sala ya kila siku, hapo pana hatari, na uvumilivu huko si fadhila. Ondoka kwanza, kisha utoe habari kwa paroko, kwa Askofu, na kwa serikali ikiwa kuna jinai.

Anayebaki naye asibaki kama mpangaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga walijua kwamba mara nyingi anayeingia ndiye aletaye dawa. Waliozoea harufu ya nyumba hawaisikii tena; mgeni aisikia, na akisema kwa upole aweza kuwaokoa wenyeji. Jamaa ile ya Sumbawanga yaweza kurudi kwenye jumuiya ya mtaa na kusema: Sisi ni wageni, tuna mtoto mgonjwa, twaomba mtusalie na mtutembelee. Wakipokelewa, wamshukuru Mungu. Wasipopokelewa, baba amwendee paroko, amweleze bila ukali na bila kuficha. Na wakati huo huo, mle mtaani, wamtafute mwingine aliyefika karibuni na ambaye hajaulizwa jina. Wakiwa wawili watatu waliokusanyika kwa jina la Bwana, Bwana alikwisha kuahidi kuwa kati yao.

Nasi tuliokwisha kukaa, wenye viti vyetu na desturi zetu, tuna kazi nyepesi ya kuanza nayo Dominika ijayo. Misa ikiisha, kabla ya kukimbilia nyumbani, tumtazame yule aliyesimama peke yake chini ya turubai. Tumsogelee, tumpe mkono, tumwulize jina lake na la watoto wake. Habari za kadi zitakuwa na siku yake.